Nahodha aligoma kutufikisha Kiwayu, je tumlipe pesa zake?

SWALI: Shangazi shikamoo. Mimi na mume wangu tunaishi Malindi, na mwezi wa nane shule zilipofungwa tuliwaacha watoto kwa nyanya yao tukasema na sisi tujipe raha kidogo, tukapanda basi hadi Mokowe tukavuka Lamu. Hapo tukapatana na nahodha mmoja mzee mwenye mashua ya tanga atupeleke Kiwayu, siku nne kwenda na kurudi, nusu ya pesa tukampa hapo hapo na nusu tumpe tukirudi. Siku ya kwanza raha tupu, upepo uko nyuma yetu, baharia anatuchomea samaki, mume wangu anapiga mapicha. Siku ya pili karibu na Faza, kisiwani Pate, hali ikageuka, mvua ya ghafla na upepo mpaka mashua inalala upande, mimi nalia na mume wangu ananicheka ati mwoga. Asubuhi yake nahodha akakataa katakata kuendelea, tukashinda Faza siku nzima tukimwangalia anakunywa chai na kutazama bahari, alafu akasema turudi Lamu. Kurudi nako balaa, tuliloa chapachapa njia nzima. Sasa mume wangu amekataa kulipa ile nusu, anasema boti za abiria zilikuwa zinapita, huyu alikuwa mvivu tu. Mzee wa watu anapiga simu kwa adabu zake na hazishikwi. Mimi nimeapa sipandi mashua tena, mume wangu naye hataki hata nitaje Lamu, tukianza hiyo story ni ugomvi mpaka usiku. Nani ana makosa Shangazi?
Mama Wawili, Malindi

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni sana. Mlipeni huyo mzee. Naanza na hilo kwa sababu anasubiri haki yake huku nyinyi mnabishana, mengine tutaongea taratibu.

Mwezi wa nane huku kwetu ni kusi. Upepo wa kusi unaingia kuanzia Aprili hivi, na kati ya mwezi wa sita na wa nane ndio unakuwa na nguvu zake zote. Unatoka kusini na kusini mashariki. Sasa Kiwayu iko wapi? Iko kaskazini mashariki ya Lamu, kama kilomita 50. Ndio maana siku ya kwanza mlikuwa mnateleza tu, tanga limejaa, picha zinapigwa, kwa sababu upepo ulikuwa unawasukuma. Lakini upepo huo huo ndio mlikuwa mrudi nao usoni, na chombo cha tanga hakiendi moja kwa moja kwenye upepo, lazima kibishe, yaani kiende upande huu kigeuke kiende upande ule, saa nzima mnahangaika na mkiangalia ule mkoko mliouacha bado mnauona pale pale. Mume wako alikuwa anahesabu safari ya kwenda, nahodha alikuwa anahesabu ya kurudi. Mngefika Kiwayu kusi ikaze, mngekwama huko siku ambazo hamkuzipanga, na watoto wako kwa nyanya yao.

Alafu kuna hapo mahali penyewe alipokataa. Kutoka Lamu mkapita Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari kati ya Manda na bara, mkafuata nyuma ya Manda na Pate mpaka Faza, mko ndani, visiwa vinawakinga na bahari kuu. Ile mliyoiona siku ya pili, mashua kulala upande na wewe kulia, ilikuwa bado ni bahari ya ndani! Mkishapita kijiji cha Kizingitini mkielekea kisiwa cha Ndau kinga ile inakatika, mlango wa bahari uko wazi. Kusi inasukuma mawimbi yaingie, na maji yakianza kupwa yanataka kutoka, vikikutana hapo wimbi linasimama wima, fupi fupi na karibu karibu, mashua haipati nafasi ya kupanda moja ishuke nyingine, inakula maji puani. Chombo chenyewe ni cha wazi, hakina sitaha, maji yakiingia yanaingia mlipokaa nyinyi na mizigo yenu.

Kwa hivyo usiseme alikuwa anakunywa chai tu. Nahodha akikaa ufukweni na kikombe chake ujue yuko kazini. Anaangalia mawimbi yanavyovunjika meupe huko nje, anaangalia wingu limelala wapi, anahesabu mwezi ajue ni bamvua, yaani maji kujaa na kupwa kwa nguvu, au maji mafu, yaani yanayopanda na kushuka kidogo, kwa sababu bamvua maji yanakimbia sana kwenye milango, na anaangalia wavuvi. Wavuvi wa Kizingitini wakivuta mashua zao juu badala ya kutoka, nani mwingine atakwambia kitu zaidi ya hapo?

Hizo boti za abiria alizoziona mume wako ni za injini kubwa, inaelekezwa inakoenda inakwenda, upepo upende usipende. Mashua ya tanga ni kitu kingine kabisa. Tanga letu hili la pembe tatu si la kukunja nusu kwa haraka upepo ukizidi, inabidi mshushe foromali yote, ule mti mrefu unaobeba tanga, mfungue tanga kubwa, mfunge dogo, mtweke tena, na hayo yote mashua inayumba, foromali ile nzito iko juu ya vichwa vyenu, na wenye kujua kazi ni wawili tu. Tena farumi lazima ihamishwe, ile mifuko ya mchanga mliyoiona chini, kila chombo kikigeuka inabebwa kupelekwa upande wa upepo chombo kisipinduke. Kwa watu wawili na abiria wenye hofu, mahali pa wimbi kubwa, mimi namshukuru Mungu kwamba alisema hapana.

Kuhusu pesa, nawaambia ninavyoona mimi. Siku zake mlizitumia, chombo chake mlikitumia, na kazi ya kurudi ilikuwa ngumu kuliko ya kwenda. Ile nusu ni yake. Kama kuna chakula cha siku ya nne ambacho hakikununuliwa, mume wako aombe kipunguzwe, hapo hakuna ubaya. Lipo jambo moja ambalo mzee alitakiwa alifanye, awaambie tangu Lamu kwamba Kiwayu kwa tanga mwezi wa nane ni bahati, unaweza kufika na unaweza usifike. Pengine alisema na nyinyi mkasikia nusu, watu wakiwa likizo masikio yanakuwa huko wanakokwenda. Idara ya hali ya hewa nayo hutoa tahadhari kipindi cha kusi, ukisikia upepo unapita noti 25, ambazo ni kama kilomita 46 kwa saa, na mawimbi yanapita mita mbili, usipande chombo kidogo hata nahodha akikubali.

Sasa huyo baba watoto. Mwanangu usimwendee tena na swali la nani ana makosa, mtalala macho mpaka Idi. Subiri ametulia, mpigie mzee simu mbele yake, weka sauti ya nje, muombe mzee aeleze kwa nini alirudi. Watu wa bahari wanaongea polepole na hawatafuti ushindi, mume wako atasikia kwa mwanamume mwenzake kitu ambacho akisikia kwako anaona unamlaumu. Na hilo la kukucheka unalia mwambie wazi lilikuuma, mwambie mkiwa wawili tu, usilifunge moyoni. Mtu anayecheka mashua ikilala saa zingine naye roho iko mkononi, hajui pa kuiweka.

Kiapo chako nakuomba ukipumzishe. Nendeni kaskazi, ule upepo wa kaskazini mashariki, imetulia, Januari au Februari. Kaskazi inatoka huko huko Kiwayu, kwenda mtabisha lakini kurudi mtaletwa na upepo mpaka gatini, na mkiona kwenda ni kugumu mnageuza tu mnarudi nyumbani kwa raha. Kabla ya kung'oa nanga muulize nahodha laifu jaketi ziko ngapi na uzione kwa macho na uivae yako, kama kuna injini ya akiba na petroli ya kutosha, na nani huku pwani anajua mnarudi lini. Na mpatane mapema, bahari ikikataa mtalala wapi na gharama ni ya nani. Mkifika huko mtakuwa ndani ya hifadhi ya bahari ya Kiunga, iliyotengwa tangu 1979, matumbawe na kasa, utaelewa kwa nini nakusumbua urudi.

SWALI: Shangazi, tuko Lamu likizo na mke wangu, kila anayetoka baharini anasema kusi imechafuka. Hakuna safari fupi tu ya mashua ambayo haiendi nje?
Mgeni, Shela

JIBU: Ipo, nendeni Takwa kisiwani Manda, ni magofu ya mji wa Waswahili ulioachwa karne ya 17. Njia inaingia kwenye mkono wa bahari katikati ya mikoko, huko ndani maji ni shwari hata kukiwa na kusi. Ila ni lazima muingie maji yakijaa na mtoke kabla hayajapwa, yakipwa mashua inakaa kwenye matope na nyinyi mnasubiri mbu. Muulizeni nahodha saa ya maji leo usiku, mpange kesho kwa saa hiyo na si kwa saa ya chai yenu.