Kiwanja cha Armstrong kinaelea, hakisimami (jibu kwa ndugu wa Malindi)

Ndugu yangu, unachora kwenye kompyuta kiwanja cha ndege cha Armstrong, kile cha kuelea baharini, na umeuliza matatu. Kwa nini ndege yako inapenya deki na kutumbukia baharini. Kama unaweza kuazima miguu ya mitambo ya kurushia roketi ya Ngomeni ukaitia chini ya kiwanja cha Armstrong. Na njia ya kurukia uiandike namba gani. La kwanza ni dogo, la pili utanisamehe, na la tatu ndilo lililonila miezi minne.

Hilo dogo kwanza. X-Plane, programu yetu ya kuigiza urushaji wa ndege, haijui kwamba ulichochora ni kigumu mpaka uiambie. Kwenye Blender, ile programu ya kuchorea maumbo, chagua deki peke yake, ingia kwenye mipangilio ya materiali yake, ipe aina ya uso (mimi natumia zege), kisha tia tiki kile kisanduku cha deki. Tiki hiyo ndiyo inayokuruhusu kupita chini ya kiwanja kwa ndege bila programu kudhani umezama ardhini. Nguzo, reli na ngazi ziache laini. Hakuna atakayetua juu ya ngazi.

Tena angalia vipimo. Michoro ya zamani iko kwa futi, Blender inasoma mita. Mimi niliandika 1,100 kama nilivyoiona, nikapata kiwanja cha zaidi ya kilomita moja, nikatua na ndege kubwa ya abiria, nikapiga picha na kujisifu humu humu. Mtu mmoja akauliza kwa upole kama Armstrong alikuwa anajenga kiwanja au mji. Futi 1,100 ni mita 335 tu.

Sasa Ngomeni. Nakuelewa, ukikulia Malindi mtambo wa San Marco ndio picha iliyo kichwani ukisikia chuma juu ya bahari. Na una haki ya kujivunia: satelaiti ya kwanza ilirushwa pale 1967, na tarehe 12 Desemba 1970 iliondoka satelaiti ya Uhuru, ikaitwa hivyo kwa kuwa siku yenyewe ilikuwa sikukuu yetu. Lakini mitambo ile imesimama. Miguu yake imekita kwenye sakafu ya bahari, kwenye maji ya ghuba. Kiwanja cha kwanza cha Armstrong, alichotaka kukiita Langley, kilikuwa kiwekwe kati ya New York na Bermuda, ambako chini ni kilomita kadhaa. Mguu gani utafika huko?

Kwa wale wasiomjua, Edward Armstrong alikuwa mhandisi huko Marekani aliyeshikilia wazo hili miaka ya 1920 na 1930: ndege za wakati ule haziwezi kuvuka Atlantiki na abiria kwa mruko mmoja, basi tuwawekee vituo njiani vya mafuta, chakula na kulala. Mwanzo alipanga vinane, baadaye vitano. Mtikisiko wa fedha wa 1929 ukamkatia mtaji, na kufika 1939 Boeing 314 za Pan American zilikuwa zinavusha abiria na kutua majini zenyewe. Hakikujengwa hata kimoja.

Siri ya mchoro wake iko chini ya maji, na ndiyo watu wengi wanaoikosea. Utotoni tulikuwa tukijaza chupa mchanga kiasi, tukaitupa pale gatini. Chupa tupu inacheza na kila wimbi. Yenye mchanga inasimama wima, shingo tu iko nje, na mawimbi yanaipita kama haipo. Armstrong alifanya hivyo hivyo. Deki iko juu kabisa, mawimbi hayaifikii. Nguzo nyembamba zinapita pale maji yanapochafuka. Matangi ya kuelea na uzito wa kutuliza viko chini sana. Wimbi lenye urefu wa mita 100 kutoka kilele hadi kilele, ukishuka mita 50 chini yake huoni karibu chochote kikitikisika. Kwa hiyo nguzo zako ziwe ndefu kupita unavyoona inafaa, na zichore zote hadi mwisho hata kama maji yatazificha. Ukizikata kwenye uso wa bahari, siku mtu akiweka kamera chini ya maji ataona kiwanja kimekaa juu ya hewa. Pande 12 kwa kila nguzo zinatosha. Ukiweka 64 laptop itakuchemkia, hasa huku kwetu umeme ukirudi na kupotea.

Haya, namba. Nilikuwa nimeshaandika 27 kubwa nyeupe, yaani digrii 270, kuelekea magharibi, kwa sababu pepo za huko kaskazini mwa Atlantiki zinatoka zaidi magharibi. Ami yangu, nahodha wa jahazi, akapita nyuma yangu akatazama.

“Hiyo ina nanga ngapi?”

“Moja, ami.”

“Basi haina magharibi wala mashariki. Italala na upepo.”

Nilitaka kubisha, nikatazama nje dirishani. Madau yote yaliyotia nanga yalikuwa yameelekeza omo upande mmoja, na jioni yangegeuka yote. Ndivyo Armstrong alivyokusudia: kiwanja kizunguke kwenye nanga yake, ndege itue ikikabili upepo kila siku. Kwa hiyo usiandike namba. Hata manowari za kubebea ndege haziandiki mwelekeo kwenye deki.

Na upepo huo si pambo. Cessna 172, ile ndege ndogo ya injini moja, siku isiyo na joto kali, inataka mita kama 290 kuacha lami ikiwa imejaa. Una 335. Upepo wa mafundo 18 usoni unakupunguzia kama moja ya tano ya mbio hizo, roho ikatulia. Ukiugeuza ukaja ubavuni, nakutakia heri.

Tatizo ni kwamba X-Plane haizungushi uso mgumu. Unaweza kuupa mchoro mwendo, lakini ugumu unabaki pale pale, ndege ikaona zege na magurudumu yakagusa hewa. Nilipoteza wiki tatu hapo. Nimeishia kutengeneza mafolda mawili ya kiwanja kile kile, nazima moja na kuwasha jingine. Changu cha mazoezi nimekitia nanga mashariki ya Kiwayu, mbali na pwani: folda la kaskazi omo kaskazini-mashariki, folda la kusi omo kusini-mashariki. Nikiona mipapai ya uani imegeuza majani, najua niwashe lipi.

Ami bado hajaridhika. Anasema nguzo ndefu namna hiyo zitasikia mkondo kabla ya upepo, kama jahazi lenye shehena kwenye mlango wa Manda maji yakipwa, na mkondo wa Gulf Stream unapita huko huko alikotaka Armstrong. Sina jibu lake.

Hoteli na taa fanya mwisho. Nitumie kwanza picha ya upande wa chini.