Zote Tiagra, zote gia 10, na bado hazielewani

Msomaji wa Iringa ametuandikia wiki hii. Baiskeli yake ya road (ya barabarani) ina Tiagra 4600 ya gia 10, yaani seti ya gia ya Shimano, naye anataka sproketi ya meno 34 nyuma ili apande Kitonga bila kushuka kusukuma. Akapata direla (kifaa cha nyuma kinachohamisha cheni) ya Tiagra, gia 10, mpya kwenye boksi. Ameifunga, ameirekebisha jioni nzima, lakini cheni haifiki kwenye sproketi kubwa. Anauliza kama ameuziwa feki.

Hajauziwa feki. Ameuziwa direla ya RD-4700, na leva zake (za kubadilishia gia) ni za 4600. Jina ni lile lile na idadi ya gia ni ile ile, ila hesabu ya waya ni nyingine kabisa.

Kila ukibofya leva, tak moja, waya unavutwa kiasi fulani, na direla inakigeuza kiasi hicho kuwa mwendo wa kwenda pembeni. Kwenye Shimano za road za gia 8, 9 na 10 za zamani (4600, 5700, 6700 na ndugu zao), mm 1 ya waya inaisogeza direla kama mm 1.7. Zilipoingia gia 11, kuanzia Dura-Ace 9000 (daraja la juu kabisa la Shimano) mwaka 2012, hesabu ikashuka hadi kama mm 1.4, na leva zikatengenezwa zivute waya mwingi zaidi. Halafu mwaka 2015 ikatoka Tiagra 4700: sproketi 10, lakini direla ya hesabu mpya. Hapo ndipo watu wengi wanapotegwa, mafundi wazoefu wakiwemo.

Piga hesabu ya huyu ndugu. Leva ya 4600 inavuta kama mm 2.3 kwa kila tak. Zidisha kwa 1.4, unapata mm 3.2. Kutoka sproketi moja hadi nyingine kwenye kaseti (rundo la sproketi za nyuma) ya gia 10 ni karibu mm 3.95. Kila tak inapungukiwa mm 0.7, na kufika tak ya tisa upungufu umepita mm 6, yaani sproketi nzima na nusu. Ukikaza waya ili sproketi kubwa zipatikane, zile ndogo zinavurugika. Unahamisha ugonjwa tu kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Ukiona direla iko sawa mwanzoni mwa kaseti na inazidi kupotea kadiri unavyopanda, acha kuzungusha skrubu. Angalia namba.

Namba imegongwa kwenye mwili wa direla, mara nyingi upande wa ndani unaotazama gurudumu, mahali penye grisi na vumbi. Kitambaa, mafuta ya taa kidogo, tochi ya simu. Usinunue kwa picha ya upande wa nje peke yake, kwa sababu 5800 na 6800 kwa mbali ni mapacha, na R7000 na R8000 vilevile. Hao mapacha walau hawana madhara: wote wanne ni wa gia 11, hesabu ya waya ni moja, na ndani ya kila jozi tofauti ni uzito na umaliziaji. Hatari iko kwa 5700 na 5800. Zote ni 105 (daraja jingine la Shimano), ya kwanza ni gia 10 ya hesabu ya zamani, ya pili ni gia 11 ya hesabu mpya. Ukiziweka pamoja utaona mkono unaobana waya kwenye 5800 ni mrefu zaidi, na ndiyo maana inahitaji waya mwingi kwa mwendo ule ule.

Tarakimu za mwisho nazo zinasema kitu. R8050, R7150 na R8150 ni za umeme, na zile za zamani ni 6770 na 6870. Hazina boliti ya kubana waya. Ukiona Ultegra (daraja la juu ya 105) ya bei ya ajabu sokoni, kwanza angalia kama kuna mahali pa kufunga waya. RD-R7100 ni ya waya, lakini ni ya gia 12, na Shimano hawaipangi pamoja na leva za gia 11.

Baada ya namba, pima mkono wa vigurudumu, ule unaoshika vigurudumu viwili vinavyopitisha cheni. Herufi SS ni mkono mfupi, GS ni mrefu wa kati, lakini kwenye direla ya mtumba usiamini herufi, kwa kuwa mkono hubadilishwa. Weka rula kutoka katikati ya kigurudumu cha juu hadi katikati ya cha chini: karibu mm 55 ni SS, karibu mm 75 ni GS. Kwa R7000 na R8000, SS inabeba sproketi hadi meno 30 na GS hadi 34. Kwa 5800 ni 28 na 32.

Uwezo wa kumeza cheni nao uhesabu: tofauti ya meno mbele, jumlisha tofauti ya meno nyuma. Krenki (sproketi za mbele) ya 50/34 na kaseti ya 11-34 ni 16 na 23, jumla 39, ambayo ni kikomo kamili cha R7000 GS. SS ya R7000 inaishia 35. Ukilazimisha, kigurudumu cha juu kitasaga sproketi kubwa, na ukiwa ndogo kwa ndogo, mbele na nyuma, cheni italegea ining'inie. Ukiifupisha cheni ili isilegee, siku utakayoingiza kubwa kwa kubwa itang'oa hanga (kipande cha fremu kinachoshika direla), na pengine direla iingie kwenye spoki.

Sasa Iringa. Ndugu, rudisha hiyo 4700 kama bado wanaipokea, au itunze hadi utakapopata leva za 4700. Ukitaka kubaki na leva ulizonazo, usitafute 4600 wala 5700, maana hata GS zake zinaishia meno 30. Tafuta direla ya mtumba ya baiskeli ya milimani ya gia 9, kama Deore RD-M591: hesabu yake ni ile ile ya zamani na inabeba 34. Isiwe ya milimani ya gia 10, hizo zina hesabu yao. Na kabla ya kulipa, legeza waya kabisa na uangalie springi inavutia wapi, kwa kuwa baadhi ya direla za milimani za enzi hizo zinavutia kwenye sproketi kubwa. Unayotaka ni inayovutia kwenye ndogo. Kaseti ni CS-HG500-10 ya 11-34, cheni mpya ndefu kidogo, na hanga inyooshwe kabla hujafunga chochote.