Anayetafuta simu huletewa vifuniko vya simu: jibu kuhusu mipangilio ya utafutaji

Ndugu uliyeuliza, umesema mteja akiandika "simu" kwenye duka lako la mtandaoni huletewa vifuniko na chaja kwanza, tena baada ya kusubiri sekunde kadhaa. Duka nililokuwa nikilisimamia lilikuwa na kasoro hizo mbili, na nilipoteza wiki nzima nikiongeza kumbukumbu ya seva kabla sijang'amua kwamba zote zilitoka mahali pamoja: karibu kila sifa ya bidhaa, hata masharti ya dhamana na usafirishaji, ilikuwa imeruhusiwa kutafutwa, na zote kwa uzito uleule.

Elasticsearch, injini inayotafuta bidhaa dukani, hupanga matokeo kwa kanuni ya BM25, ambayo huipa bidhaa alama zaidi kadiri neno linavyojirudia, japo nyongeza hupungua kila mara, na huyapendelea maandishi mafupi kuliko marefu. Nilipofungua kifuniko kilichoshika nafasi ya kwanza nilikuta neno "simu" mara 11 katika maelezo yake, ilhali simu zenyewe ziliandikwa chapa na modeli tu, bila neno "simu" katika jina wala maelezo. Injini haikuwa imekosea. Sisi ndio tuliokuwa tumeilisha vibaya. Nilibakiza jina, aina ya bidhaa, chapa, namba ya bidhaa na maelezo mafupi. Katika Magento, mfumo wa kuendesha duka la mtandaoni, uzito huenda kutoka 1 hadi 10, nami nililipa jina 10, aina 8, na maelezo 1. Simu zilipanda juu siku hiyohiyo, na kasi ikaongezeka kabla sijaigusa seva tena.

Kagua pia kama maneno yote ya mteja yanalazimika kupatikana. Kwa kawaida neno moja linatosha, na ndiyo maana "shati jeupe" huleta hata pazia jeupe.

Lililonisumbua zaidi ni lugha yetu. Elasticsearch haina kichanganuzi chake cha Kiswahili, yaani kifaa cha kutambua maumbo ya neno moja, kwa hiyo kwake "kiatu" na "viatu" ni maneno mawili yasiyohusiana. Wengi hutegemea ulegevu wa tahajia, yaani kukubali neno lililokosewa herufi chache, uwaokoe, lakini katika hali ya kujiendesha mpangilio huo huruhusu kosa 1 kwa neno la herufi 3 hadi 5, na makosa 2 kwa neno refu zaidi. Anayeandika "nyeupe" atapata pia "jeupe", kwa kuwa neno lake lina herufi 6. Anayeandika "jeupe" hapati "nyeupe", kwa kuwa lake lina herufi 5 na tofauti ni mbili. Wakati huohuo anayetafuta "kofia" huletewa mashine za kutoa kopia! Mimi niliorodhesha maumbo hayo kama visawe, vinavyotumika wakati wa kutafuta ili nisijenge faharasa (orodha ya maneno ambayo injini hutafutia) upya kila ninapoongeza neno, kisha nikauacha ulegevu ufanye kazi pale tu utafutaji wa kawaida unapokosa matokeo. Kazi ya orodha inachosha, lakini sijaona njia ya mkato inayoaminika.

Kuhusu kasi, masharti ya bei, rangi na upatikanaji yawekwe kama vichujio, kwa sababu vichujio havihesabiwi alama na majibu yake yanaweza kuhifadhiwa kwenye kache, yaani hifadhi ya muda. Mapendekezo yanayojitokeza mteja akiandika yasianze kabla ya herufi ya 3. Unapoingiza bidhaa nyingi kwa mkupuo, ongeza muda wa kuhuisha faharasa, ambao kwa kawaida ni sekunde 1, kisha uurudishe ukimaliza.

Badilisha jambo moja kwa wakati. Nilichukua maneno 30 yanayotafutwa zaidi kutoka kwenye rekodi za utafutaji za duka, nikayapitisha yote baada ya kila badiliko na kutazama matokeo matano ya kwanza. Bila orodha ile nisingegundua kwamba kisawe kimoja nilichokiongeza kwa ajili ya viatu kilikuwa kimevuruga utafutaji wa soksi.