Ping Ikinyamaza, Usishangilie

Juzi kijana mmoja wa Ruaraka aliniandikia: "Mkubwa, nimefunga HMI mpya, usiku imefanya kazi vizuri, asubuhi inatoa ##### kila mahali. Niirudishe dukani?" Nilicheka, kisha nikanyamaza. Alama hizo hizo, ambazo HMI (paneli yenye skrini ya kuendeshea mashine) huonyesha ikikosa habari, ndizo zilizoninyima kandarasi.

Kilikuwa kiwanda cha vinywaji Industrial Area, upande wa Lunga Lunga Road. Paneli ya mashine ya kujaza chupa ilikuwa imeungua, nami nikaitwa, mara ya kwanza bila mkubwa wangu. Hata buti nilinunua mpya. Nikafika saa mbili usiku laini ikiwa imezimwa, nikafungua kabati, nikachomeka laptop kwenye swichi. PLC, kompyuta inayoendesha mashine, ilikuwa na anwani ya mtandao 192.168.0.1, ile ambayo TIA Portal, programu ya Siemens, huipa PLC ya Siemens usipoibadilisha. Nikaping .10, yaani nikaiita anwani 192.168.0.10 nione kama kuna anayejibu. Kimya. Nikajua nimepata kiwanja kitupu, nikakijenga: paneli 192.168.0.10, sabneti (mipaka ya mtandao) 255.255.255.0. Tena sikusahau kwamba mradi wa paneli una anwani mbili, yake na ya PLC inayoiuliza habari. Wengi hurekebisha moja wakaiacha nyingine. Mimi sikuwa wa aina hiyo, bwana! Saa tano namba zote zilikuwa zinasoma. Nikapiga picha, nikaweka status.

Saa moja asubuhi shifti ikaingia, wakawasha mashine ya kuchapa tarehe kwenye chupa. Nayo ilikuwa .10 miaka yote. Usiku haikujibu kwa sababu ilikuwa imezimwa, basi. Sasa wenye nyumba wakawa wawili: PLC inajibu, lakini jibu mara linafika huku, mara kule. Paneli inasoma kidogo, inapotea, inarudi. Nikabadilisha kebo. Nikabadilisha konekta. Nikalaumu stima. Laini ilisimama hadi saa sita mchana, ndipo mama mmoja opereta akaniuliza, "Kwani kijana, hukusoma karatasi ya mlangoni?" Ndani ya mlango wa kabati palikuwa na karatasi yenye grisi, anwani zote zimeandikwa kwa kalamu.

Meneja hakunifokea. Alisema, "Tutakupigia." Matatu ikipita pale bado naangalia dirisha la upande wa pili.

Kwa hivyo nyinyi mnaotaka kuitwa injinia, sikilizeni. Washeni kila mashine kabla ya kuping. Waulizeni waendeshaji, wao hulala na hizo mashine, wewe umekuja na begi tu. Andikeni anwani. Msiachie DHCP, ile huduma inayogawa anwani yenyewe, izigawe, paneli na PLC zipewe anwani za kudumu. Na andikeni, narudia, tena mahali atakapopaona fundi anayekuja baada yenu. Siku hizi kila kijana ana cheti cha programu hii na ile, lakini ukimwambia achukue kalamu anaona umemtukana.

Kijana wa Ruaraka nilimpa kazi moja tu: achomoe kebo ya mtandao kwenye paneli yake, halafu kwa laptop aiping anwani ya hiyo hiyo paneli.

Baada ya dakika kumi akaandika: "Mkubwa, nimechomoa. Na bado inajibu."