Nilijisikia nimepona pumu, kipimo kikakataa (jibu refu kuhusu tiba mbadala na ushahidi)

Wakuu habari zenu. Nimesoma swali la dada hapa kuhusu mama yake, kwamba ana pumu na maumivu ya mgongo ya muda mrefu, kuna mtu anamuuzia matone ya mitishamba na kumuumika mgongoni (wengine mnaita kupiga chuku au hijama), mama anasema anapata nafuu kabisa na sasa anataka kuacha pampu ya hospitali. Dada anauliza hizi tiba zina ushahidi wowote wa kisayansi au hamna kitu. Majibu naona yamegawanyika, wengine wanasema zote utapeli, wengine wanasema zinaponya ila makampuni ya dawa yanazipiga vita. Mimi nina pumu tangu nikiwa na miaka sita na hiyo njia ya matone nimeipita mpaka mwisho wake, kwahiyo mnivumilie nitaandika kirefu.

Nilipofika miaka ishirini na kitu nilichoka. Ile pampu ya kuzuia, ya steroidi, unavuta asubuhi na jioni hata siku ambayo huumwi, huioni ikifanya chochote, ukiruka siku mbili tatu hakitokei kitu, unaanza kujiuliza hivi hii dawa ina kazi kweli. Mama mmoja mtu mzima tuliyekuwa tunafanya nae kazi, mtu mwema sana wala hakunidai kitu, akaniletea kichupa cha matone ya majani yenye harufu kali, unatia kumi kwenye maji ya moto, unajifunika shuka unavuta mvuke. Siku ya kwanza tu nililala usiku kucha. Wiki ya pili pampu ya kuzuia nikaiweka kwenye droo, nikabaki na ile ya bluu ya dharura, na yenyewe nikawa siigusi. Watu wakiniuliza nawaambia nimepona, na sikuwa nadanganya, ndivyo nilivyokuwa najisikia kifuani.

Sasa kwenye droo hiyohiyo kulikuwa na kipima pumzi, ule mrija wa plastiki wenye kishale kinachosogea ukipuliza kwa nguvu, nesi wa kliniki alinipa zamani. Nikiwa mzima napuliza 520. Wiki ya tatu, siku niliyojisikia vizuri kuliko zote, nikakitoa ili nione nilivyopanda. Kishale kikasimama 330. Nikadhani nimepuliza vibaya, nikakirudisha kishale chini, nikasimama wima, nikavuta pumzi yote, 340. Mara ya tatu 330. Nikasema kifaa kimezeeka nikakirudisha droo. Yani nilikuwa na jibu mkononi, limeandikwa kwa namba, nikaamua kuamini ninavyojisikia.

Siku tano baadae saa nane usiku nikajikuta nimekaa ukingoni mwa kitanda, mikono magotini, nataka kumwambia mke wangu "nipe pampu" naishia "nipe". Pampu ya bluu nikavuta mara sita haikusaidia. Hospitali wakaniweka oksijeni na nebulaiza (mashine ya kuvutisha dawa kama mvuke), na vidonge vya steroidi siku kadhaa. Daktari aliniuliza kitu kimoja tu, ile ya kuzuia umeacha lini.

Kilichonitokea nilikuja kukielewa baadae sana. Kwenye pumu kuta za njia za hewa zinavimba kwa ndani taratibu, na uvimbe huo haupigi kelele, unaweza kupoteza theluthi ya pumzi yako huku mwili umeshazoea. Steroidi ndiyo inashusha uvimbe ndo maana huisikii ikifanya kazi. Ule mvuke wenye harufu kali wenyewe unaamsha mishipa ya fahamu ya puani inayohisi ubaridi, basi ubongo unapata taarifa kwamba hewa inaingia nyingi, lakini njia haijafunguka.

Na kuna utafiti unaoonesha kitu hichohicho, ulifanyika Boston Marekani ukachapishwa 2011 kwenye New England Journal of Medicine, mpaka leo ndio utafiti ninaoupenda kuliko wote. Walichukua wagonjwa wa pumu, waliomaliza walikuwa 39, kila mmoja akapitishwa kwa nyakati tofauti kwenye vitu vinne: pampu ya kweli ya salbutamol (ndiyo ile ya bluu ya dharura), pampu bandia isiyo na dawa, sindano za Kichina za kuigiza (akupancha ambayo sindano haiingii kwenye ngozi), na kukaa tu bila tiba. Halafu wakauliza maswali mawili. La kwanza waliuliza mgonjwa, unajisikiaje? Walisema wamepata nafuu ya karibu 50% kwa pampu ya kweli, 45% kwa pampu bandia, 46% kwa sindano za kuigiza, na 21% kwa kukaa tu. Swali la pili wakaliuliza pafu lenyewe kwa mashine. Pampu ya kweli ilipandisha pumzi kwa 20%, na vile vingine vitatu vyote, pamoja na kukaa bure, karibu 7% tu. Rudi usome tena hizo namba. Midomo ya wagonjwa haikuweza kutofautisha dawa na kisicho dawa, mapafu yaliweza.

Kwahiyo mama yako akisema anapata nafuu usimwambie anadanganya, dada. Nafuu anayo. Shida ni kwamba nafuu ya kujisikia na kupona kwa kiungo ni vitu viwili, wakati mwingine vinatembea pamoja na wakati mwingine vinaachana kabisa, na kwenye pumu, presha na kisukari vikiachana unaweza kufa huku unajisikia mzima.

Mgongo ni habari nyingine kidogo. Maumivu ya mgongo yanapanda na kushuka yenyewe, na mtu anaenda kutafuta tiba lini? Siku yamemzidi. Sasa ukiwa kileleni njia iliyobaki ni kushuka, ukiumikwa leo wiki ijayo ukawa nafuu unasema chuku imefanya kazi, wakati pengine hata ungekaa tu ungeshuka. Ndio maana watafiti wanataka kundi la kulinganisha, watu wa hali ileile waliogawanywa kwa kura, wapate kitu cha kuigiza bila kujua. Wajerumani walifanya hivyo kwa akupancha ya mgongo, watu zaidi ya 1,100, matokeo yakatoka 2007: waliochomwa sehemu sahihi kufuata mafunzo ya Kichina waliopata nafuu ni 47.6%, waliochomwa ovyo juujuu sehemu zisizo na maana 44.2%, na waliopewa matibabu ya kawaida, dawa na mazoezi, 27.4%. Wa akupancha wanashangilia kwamba wameshinda hospitali. Mimi naona linalosema zaidi ni kwamba haijalishi sana sindano imeingia wapi. Kushikwa, kusikilizwa, kulazwa nusu saa na mtu anayekujali, kuna kitu kinafanya kwenye maumivu, na hilo hospitali zenye foleni ndefu zingelichukua kwa uzito. Chuku naiweka humohumo: kwa maumivu inaweza kumpa mtu nafuu, ila vifaa viwe safi, hasa ile ya kuchanja, maana homa ya ini na maambukizi mengine yanapita kwenye damu.

Sasa nije kwa wale wanaosema zote utapeli. Hapana jamani. Dawa kuu ya malaria dunia nzima sasa hivi, artemisinini, imetoka kwenye jani. Mwaka 1967 China ilianzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa ya malaria, mwanasayansi Tu Youyou na wenzake wakapekua maandishi ya tiba za kale, wakajaribu dondoo za mimea mia mbili hivi. Pakanga moja ikaonesha dalili, halafu ikakataa. Akarudi kwenye kitabu cha tabibu Ge Hong cha karne ya 4 akakuta imeandikwa loweka kwenye maji, kamua, kunywa. Haikusema chemsha. Akagundua joto lilikuwa linaua dawa, akakamua upya kwa kimiminika kinachochemka kwenye nyuzi 35 tu, na 1971 dondoo hiyo ikafuta vimelea vyote kwenye panya. Kisha yeye na wenzake wawili wakainywa kwanza wenyewe kuangalia usalama kabla ya mgonjwa yeyote. Nobel akapewa 2015. Angalieni lakini kilichofanya jani liwe dawa: walipima, wakatenga kinachofanya kazi, wakajua dozi. Na leo Shirika la Afya Duniani haliungi mkono kutibu malaria kwa kunywa chai ya jani hilohilo, kwasababu kwenye kikombe hujui umekunywa kiasi gani, na dozi pungufu inafundisha vimelea usugu.

Mfano mwingine wenye ushahidi mkubwa utawashangaza. Kuna kuhara kubaya kunakoletwa na bakteria C. difficile, mara nyingi baada ya antibayotiki kuua bakteria wazuri wa tumboni. Tiba? Kinyesi cha mtu mzima mwenye afya, kimechujwa, kinaingizwa kwenye utumbo wa mgonjwa. Uholanzi walilinganisha na antibayotiki, wakachapisha 2013: kati ya 16 waliopewa, 13 walipona kwa mara moja na wawili wengine kwa mara ya pili, wa antibayotiki walipona 4 kati ya 13. Jaribio likasimamishwa mapema maana haikuwa haki kuendelea kuwanyima wengine. Kitu kinachoonekana kichafu na cha ajabu kuliko matone yoyote, na sayansi imekipokea kwa mikono miwili sababu kimepimwa kikafaulu.

Na hospitali nayo ikipimwa inafeli mara nyingine. Mwaka 2002 Marekani walichapisha utafiti wa wagonjwa 180 wa magoti, wengine wakasafishwa goti kwa ndani kabisa, wengine wakachanjwa ngozi tu wakashonwa. Maumivu hayakutofautiana. Upasuaji ulikuwa unafanywa kila siku.

Ya kufeli kabisa zipo. Homeopathi inachukua kitu inakizimua moja kwa mia, halafu tena moja kwa mia, mara 30, na ukipita mara 12 tu hata molekuli moja ya dawa huna uhakika wa kuikuta kwenye chupa. Australia walipitia tafiti zake wakasema 2015 kwamba hamna ugonjwa hata mmoja wenye ushahidi wa kuaminika. Tiba ya kupapasa nishati hewani juu ya mwili ilipimwa na mtoto wa miaka 9, Emily Rosa. Alikaa upande wa pili wa kizuizi, waganga 21 wakapitisha mikono kwenye matundu, yeye anarusha sarafu kisha anaweka mkono wake juu ya mmoja wapo, waseme nishati iko kulia au kushoto. Walipata 44%. Hata kubahatisha kungewapa nusu.

Ninachoomba dada asikipuuze ni madhara ya kitu "cha asili". Kuna mmea wa maua ya njano, Hypericum perforatum, kwa sonona isiyo kali tafiti zimeonesha unashinda dawa bandia, kwahiyo una nguvu ya kweli, na kwa nguvu hiyohiyo unalifanya ini liharakishe kuvunja vidonge vya uzazi wa mpango, dawa za VVU na dawa za kuzuia damu kuganda, zinakwisha mwilini kabla hazijafanya kazi. Ubelgiji miaka ya 90 wanawake waliokuwa wanapewa mitishamba ya kupunguza unene, ndani yake kukaingia mmea wa jamii ya Aristolochia, zaidi ya mia figo zikaharibika. Na kwenye saratani watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, waliona wagonjwa waliochagua tiba mbadala peke yake walikuwa na hatari ya kufa mara 2.5 ya wenzao waliotibiwa hospitali, na hizo zilikuwa saratani ambazo zilikuwa bado hazijasambaa, za kutibika.

Hoja ya kwamba makampuni yanaficha mimea siielewi kwakweli. Mmea ukionesha dalili kampuni inaukimbilia, inatoa kiini chake na kukiuza, artemisinini inauzwa na aspirini mizizi yake iko kwenye gome la mti.

Kwa mama, ningekuwa wewe ningefanya hivi. Matone usimnyang'anye kwa ugomvi, atayanywa kwa siri na hapo utakuwa umepoteza kila kitu. Chukua chupa mpeleke nayo kliniki, mtaje na dawa nyingine zote anazotumia. Tafuta kipima pumzi, apulize asubuhi na jioni, mara tatu achukue kubwa, aandike kwenye daftari, na pembeni aandike anavyojisikia. Kwanza wiki mbili akiwa na pampu yake ya kuzuia kama alivyoandikiwa, namba hiyo ndiyo ya kulinganishia. Pampu asiache hata siku moja kwa ajili ya kujaribu, kama dozi ni ya kupunguzwa apunguze daktari. Akibaki na imani na mvuke mwache aupate pamoja na pampu, ila awe mwangalifu maana mvuke unaunguza na wengine harufu kali inawabana kifua.

Mimi matone niliacha, kitu kimoja mbadala nimebaki nacho. Mazoezi ya kupumua taratibu kwa pua na tumbo, dakika kumi jioni. Uingereza waliyajaribu kwa watu zaidi ya 600 wenye pumu, majibu yakatoka 2018: maisha yao yakawa bora, namba za mapafu hazikusogea. Nayafanya nikijua hilo. Navuta pampu kwanza, nasukutua mdomo, ndio nakaa kupumua. Kipima pumzi kiko mezani sio kwenye droo, leo asubuhi nimepuliza 510.