Maswali ya Wasomaji: Namuuguza mavyaa wangu kwa hasira, je, huo ni upendo?

Swali: Bwana asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mama wa watoto watatu, mkazi wa Changamwe. Mavyaa wangu alipatwa na kiharusi mwaka jana, na tangu hapo upande wake wa kulia umelala na maneno humtoka kwa shida. Mume wangu hufanya kazi ya zamu bandarini, kwa hiyo mgonjwa ameniangukia mimi: namwogesha, namlisha uji kwa kijiko, namgeuza usiku asipate vidonda vya mgongo. Shemeji zangu wawili wako Kisauni na Mtwapa. Hufika mara mojamoja, wakaomba, wakanisifu, wakaenda zao. Nimeacha kwaya, sihudhurii kesha, na dada mmoja wa ushirika wetu ameniambia kwamba nimepoa kiroho. Kinachonikosesha raha zaidi ni kwamba kuna siku nambadilisha mama nepi nikiwa nimefura, hata simsemeshi. Je, Mungu anapokea upendo wa namna hii? Na nikiwadai shemeji zangu washike zamu, sitakuwa nahesabu wema wangu?

Mama wa Changamwe

Jibu: Pole sana, dada yangu.

Hilo la kupoa kiroho tulimalize kwanza, kwa kuwa halistahili nafasi kubwa. Mtume Paulo, katika 1 Timotheo 5:4, anaagiza kwamba watoto na wajukuu wa mjane wajifunze kwanza kutenda wema katika nyumba yao wenyewe, na kwamba jambo hilo linakubalika mbele za Mungu. Dada wa ushirika anayeona kiti chako kitupu kwenye kesha, na asiione taa inayowaka chumbani kwa mgonjwa saa nane za usiku, amehesabu nusu tu ya ibada yako.

Suala la hasira ni zito zaidi, nami sitalipitia juu juu, maana Paulo huyo huyo anasema katika 1 Wakorintho 13 kwamba upendo “hauoni uchungu”. Hata hivyo, soma sura hiyo tangu mwanzo. Katika aya ya 3 anasema kwamba mtu anaweza kutoa mali zake zote kuwalisha maskini, na hata kuutoa mwili wake uungue moto, na kama hana upendo isimfaidie kitu. Kwa hiyo kuchoka kwako, hata kukiwa kukubwa namna gani, hakuwezi kuwa ndicho kipimo, ingawa makanisani mwetu tuna desturi mbaya ya kumsifu mama aliyekonda kwa kuuguza bila kumuuliza amelala saa ngapi. Upendo usiojitafutia faida humtazama yule anayependwa: je, amekuwa safi, ameshiba, ameheshimiwa? Katika mawili ya kwanza huna deni. Ni hilo la tatu linalohitaji kurekebishwa, kwa sababu hasira yako, nionavyo mimi, ni ya shemeji zako, lakini anayenyamaziwa ni mama. Wagonjwa wengi wa kiharusi waliopoteza usemi bado huelewa mengi wanayoambiwa. Kabla hujamgeuza, mwambie, “Mama, nakugeuza upande wa dirishani.” Kabla hujamfungua leso, mwombe ruhusa. Hata ukiwa umefura, maneno hayo yaseme. Usingoje moyo utulie ndipo uanze kumsemesha.

Sasa tuje kwa shemeji. Unaogopa kwamba kuomba msaada kutaitia doa sadaka yako. Mtazame Yesu msalabani, saa ile ambayo Wakristo wote wanaiita kilele cha kujitoa. Katika Yohana 19:26-27 anamwona mama yake, anamkabidhi kwa mwanafunzi aliyempenda, na mwanafunzi yule anamchukua nyumbani kwake. Aliyekuwa akitoa uhai wake kwa ajili ya wote hakuona aibu kumwomba mtu mwingine amtunze mama yake.

Hapa kwetu Pwani pia tuna mfano. Mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann alifika Mombasa mwaka 1846, akakaa Rabai na maeneo ya jirani karibu miaka 29, akikusanya maneno ya kamusi na kuhubiri huku waongofu wakiwa wachache mno. Alipoondoka mwaka 1875 alikuwa amepofuka, na aliyemsindikiza hadi Ulaya ni Isaac Nyondo, Mkristo wa Rabai. Tunapenda kumtaja Rebmann kwa uvumilivu wake. Mimi humkumbuka zaidi Nyondo, ambaye bila yeye kipofu yule asingeiona njia ya kurudi kwao.

Kwa hiyo mume wako, wala si wewe, awaite ndugu zake, maana mgonjwa ni mama yao na si vizuri mke aachiwe kuwakabili wakwe peke yake. Asiwaambie “mtusaidie”, kwa kuwa neno hilo halimfungi mtu. Awatajie usiku: wa Kisauni aje Ijumaa, wa Mtwapa Jumamosi, walale hapo, wewe uwaonyeshe namna ya kumgeuza. Asiyeweza kufika alipe wa kumshikia zamu yake. Na yule dada wa ushirika mwombe akae na mama Jumapili asubuhi, ili wewe urudi kwaya.

Swali: Mchungaji, niliahidi mshahara wangu wa mwezi huu kwa ujenzi wa kanisa, na sasa mama yangu aliye Kwale ameishiwa na dawa za presha. Je, nikivunja ahadi nitakuwa simpendi Mungu?

Kijana wa Likoni

Jibu: Mpelekee mama dawa leo. Ni kweli Mhubiri 5:4 inataka nadhiri itimizwe bila kukawia, lakini katika Marko 7:9-13 Yesu anawakemea waliosema mali yao ni Korbani, yaani imewekwa wakfu kwa Mungu, kisha wakawanyima wazazi wao. Mwone mchungaji wako, mweleze hali ilivyo, na uilipe ahadi ya ujenzi kidogo kidogo kuanzia mwezi ujao. Mweka hazina akinuna, mfungulie Marko asome mwenyewe.