Shoka likikosa gogo, linatua wapi?

SWALI: Mimi ni mama lishe, Tandika. Nanunua magogo kwa sababu kuni zilizochanjwa ni ghali. Kijana wangu huchanja uani kwenye sakafu ya saruji, miguuni ana ndala. Juzi chuma cha shoka kilichomoka kikapiga ukuta. Tumeliloweka kwenye ndoo ya maji, sasa limekaza. Inatosha? Na magogo yenye mafundo tuyafanyeje?

JIBU: Haitoshi, mama, na tafadhali shoka hilo lisitumike leo. Maji huuvimbisha mpini, lakini ukibanwa na chuma nyuzi zake hubonyea. Ukikauka, husinyaa kuliko mwanzo. Uache ukauke kabisa. Kisha shika mpini wima hewani, chuma kikining'inia chini, ugonge kitako cha mpini, upande wa juu, kwa nyundo ya mti. Chuma kitapanda chenyewe kwenye mpini. Halafu pigilia kabari ya mti mgumu, mkavu, kwenye mwanya wa kichwani. Litikise: likigongagonga, bado. Mpini wenye ufa haufungwi waya, hubadilishwa.

Sasa sakafu. Shoka likikosa gogo lililosimama chini, linaendelea kuzunguka kuelekea muundi wa guu. Saruji nayo hulirudisha na kumega makali. Tafuta kigogo kipana cha kuchanjia, kimo cha sentimeta 30 hadi 40, kikae kwenye udongo bila kuyumba. Gogo lisimamishwe nusu ya mbali ya kigogo hicho, si ukingoni karibu na mchanjaji. Pigo likipungua, makali yazame kwenye kigogo. Miguu ipanuliwe sawa na mabega, na shoka likishuka magoti yakunjwe, ili makali yashuke wima. Ndala ziachwe, avae buti ngumu na miwani. Watoto na wateja wakae mita 4 au zaidi.

Gogo lisiloweza kusimama lisishikwe kwa mkono wala kukanyagwa. Lisimamishe ndani ya tairi kuukuu la gari lililolazwa juu ya kigogo. Vipande havitarukaruka. Ila tairi likishatumika, lifichwe mvua: maji yaliyotuama ndani yake ni mazalio ya mbu wa homa ya dengue, na Dar es Salaam tunaijua.

Kabla ya kupiga, tazameni uso wa gogo. Kuna nyufa ndogo zinazotoka kwenye kiini, fuateni mojawapo. Gogo nene lisianzwe katikati, limegeni pembeni mkilizunguka. Fundo liwe upande wa chini, pigo lianzie upande usio nalo, kwani kwenye fundo nyuzi hupindana na shoka hunasa au kuteleza. Mkaratusi uchanjwe ungali mbichi, ukikauka husumbua. Gogo lililojaa mafundo msihangaike nalo: liacheni zima, linafaa kuchemshia maharage.

SWALI: Shoka likinasa, naweza kuligonga kisogoni kwa nyundo? (Msomaji, Mbagala)

JIBU: Hapana. Chuma kikigonga chuma hurusha vipande vinavyoingia machoni, na tundu la shoka hutanuka, mpini usikae tena. Inua na kushusha mpini kwa kufuata urefu wa makali, usiupinde kando. Likigoma, pigilia kabari ya mti kwenye ufa uleule, sentimeta chache kutoka kwenye shoka, mpaka lilegee.